Maji ya Meru na Meno ya Watoto Wetu: Kijitabu cha Familia Kuhusu Floraidi

Mlima Meru haujawahi kutunyima maji. Chemchemi zake ndizo zinazoistawisha migomba ya Tengeru na kahawa ya Usa River, na ndizo zilizoulea mji wa Arusha tangu ulipokuwa boma tu. Maji mengi ya mlima huu ni maangavu, baridi na matamu mdomoni. Ndiyo maana ni vigumu kumweleza mtu kwamba katika maeneo kadhaa ya Arumeru na jijini, maji hayohayo yanaharibu meno ya watoto, na yakinywewa kwa miaka mingi huharibu mifupa pia.

Kinachofanya hivyo ni madini ya floraidi. Hayana rangi, hayana harufu, wala hayana ladha. Maji yenye rangi ya kahawia na maji meupe kama kioo yanaweza kuwa na kiwango kilekile. Macho hayasaidii hapa; kinachosaidia ni kipimo cha maabara.

Yanatoka wapi

Meru ni volkano. Miamba yake na majivu yake yana floraidi nyingi, na maji yanapopenya humo huichukua kidogo kidogo. Maji yetu pia yana kalisi kidogo, na kalisi ndiyo ambayo kwa kawaida huikamata floraidi na kuiacha ardhini. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu chini ya ardhi, ndivyo yanavyozidi kubeba. Chemchemi iliyo juu, karibu na msitu, kwa kawaida huwa na nafuu kuliko kisima kirefu kilichochimbwa bondeni. Upande wa mashariki na kaskazini, kuelekea Maji ya Chai, Momella na Ngarenanyuki, viwango hupanda sana. Hata hivyo mlima huu hauna kanuni moja. Vyanzo viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa, kwa hiyo kipimo cha jirani si kipimo chako.

Tatizo hili si letu peke yetu. Bonde la Ufa lote linalo, kuanzia Ethiopia, kupita Nakuru nchini Kenya, hadi kwetu. Marekani nako, mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari wa meno wa Colorado alisumbuka miaka mingi kutafuta sababu ya meno ya kahawia ya wagonjwa wake. Jibu lilipatikana mwaka 1931: floraidi ndani ya maji. Kiasi kidogo hulinda meno yasitoboke, ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya meno. Kinachotuumiza sisi ni wingi wake.

Meno haya si uchafu

Mkazi wa Arusha akifika Dar es Salaam au Mwanza, huenda akaulizwa, "Wewe unatoka Arusha?" kabla hajasema lolote. Wameona meno. Wengi wetu tumekua tukiziba mdomo kwa kiganja tunapocheka, na tumefunga midomo kwenye kila picha. Tunataka hili lieleweke katika kila nyumba na kila darasa: meno ya kahawia hayaletwi na uvivu wa kupiga mswaki. Doa limo ndani ya jino lenyewe, kwa sababu lilijengwa nalo.

Meno ya mbele ya ukubwani huanza kujengwa ndani ya taya kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Kuanzia hapo hadi umri wa miaka minane hivi, kila floraidi iliyozidi inayoingia mwilini inaweza kuacha alama. Jino likishaota, madhara yameshafanyika. Kusugua kwa mkaa, mchanga au majivu hakuondoi doa, bali hukwangua ganda la jino na kuliacha dhaifu zaidi. Daktari wa meno anaweza kulifunika jino ili lionekane vizuri, lakini hakuna dawa ya kulirudisha lilivyopaswa kuwa. Mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani "akasugue meno" anamwonea.

Mifupa huchukua muda mrefu zaidi. Mtu aliyekunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka hupata maumivu ya viungo, mgongo hukakamaa, na wengine hushindwa kuinama au kugeuza shingo. Watoto nao hawako salama: kusini magharibi mwa Wilaya ya Hai, jirani zetu kabisa, watafiti wameandika habari za vijana wenye miguu iliyopinda kwa sababu hii.

Tulikotoka na kiwango

Katika miaka ya 1970 taifa lilikubali, kama hatua ya muda, maji ya vijijini yawe na hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita. Maeneo mengi hayakuwa na maji mengine ya kuchota, na maji yenye floraidi yalionekana afadhali kuliko kukosa maji kabisa. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4. Leo ni 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani. Haya ni maendeleo makubwa. Lakini watu wazima wengi wa eneo hili wana meno yaliyojengwa wakati wa viwango vya zamani, na bado viko vilula ambavyo floraidi ya maji yake haijashuka hadi 1.5.

Njia iliyobadilisha mambo kwa watu wengi zaidi ni kuleta maji mengine na kuyachanganya na ya zamani. Ukichukua lita moja yenye miligramu 4, ukaongeza lita tatu zenye nusu miligramu, mchanganyiko unakuwa na takribani 1.4 kwa lita. Hiyo ni mojawapo ya faida za mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, wa shilingi bilioni 520, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao sehemu ya maji yake hutoka kwenye visima vya upande wa Hai. Tunaupongeza kwa moyo wote. Lakini bomba la jiji halipandi kila kilima cha Arumeru, na huko ndiko kazi iliyobaki iliko.

Chujio la mkaa wa mifupa

Pale bomba lisipofika, maji yanaweza kuchujwa nyumbani kwa mkaa wa mifupa. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, wametumia miaka mingi kuboresha njia hii. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, kisha husagwa kuwa chembe nyeusi na kujazwa kwenye ndoo yenye bomba. Maji yanapopita polepole, chembe hizo huikamata floraidi. Kazi yote imo kwenye uchomaji. Mifupa isiyoiva hutoa maji yenye harufu na rangi ambayo hakuna mtu atakayeyanywa. Iliyoungua hadi kuwa myeupe hupoteza nguvu ya kukamata. Usijaribu kuichoma mwenyewe jikoni.

Hatari kubwa ya chujio ni kwamba huchoka bila kuonyesha. Maji yanaendelea kutoka safi na matamu vilevile, kumbe floraidi inapita yote. Nyumba nyingi zimenunua chujio kwa shida, zikaliamini kwa miaka, na watoto wakaota meno ya kahawia. Kabla ya kununua chujio lolote, uliza mambo mawili: limethibitishwa kuondoa floraidi, au ni vijidudu tu? Na nani atapima maji yake na kubadilisha mkaa, lini, na kwa bei gani? Asiye na jibu la swali la pili bado hajakuuzia kitu kamili. Hata mvumbuzi wetu Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, aliyeshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake, alilitengeneza ili lipangwe kulingana na maji ya mahali husika.

Kuchemsha, na magadi

Endelea kuchemsha maji, kwa kuwa kuhara na homa ya matumbo bado vipo. Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi. Weka sufuriani lita mbili zenye miligramu 3 kwa kila lita, ziache zitokote hadi zibaki lita moja na nusu: sasa kila lita ina miligramu 4. Maji yakishatokota, epua. Vidonge vya klorini navyo haviigusi floraidi.

Magadi tunayotia kwenye makande, maharage na kiburu yanaweza kuwa na floraidi nyingi, hasa yale ya unga yanayokwanguliwa juu ya ardhi. Yapo maeneo yenye maji mazuri ambako watoto wana madoa, na magadi yamechangia. Tunajua yanaivisha haraka na kuokoa kuni. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika bila magadi; na kama huwezi kuyaacha kabisa, chakula cha mtoto mdogo kipikiwe pembeni.

Maji ya mtoto yatengwe

Familia haihitaji maji yasiyo na floraidi ya kufulia, kuogea wala kunyweshea ng'ombe. Inayahitaji kwa kinywa cha mtoto: ya kunywa, ya uji, ya chai na ya chakula chake. Kwa mtoto mmoja ni lita mbili au tatu kwa siku. Maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, hivyo miezi sita ya kunyonyesha bila kitu kingine ni kinga bora kuliko chujio lolote.

Mvua nayo huja karibu haina floraidi. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 hutoa karibu lita 400. Acha mvua ya kwanza ioshe bati na mfereji, kisha kinga. Simtanki la lita 1,000 lililofunikwa vizuri linaweza kuwafikisha watoto watatu miezi minne ya kiangazi, mradi mtu mzima asichote humo maji ya kuosha vyombo. Yachemshe kabla ya kuwapa.

Na ili mjue maji yenu yakoje, kwenye mkutano wa kijiji au mtaa mwombe mwenyekiti aandike swali hili kwenye muhtasari: floraidi ya chanzo chetu ni miligramu ngapi kwa lita, na ilipimwa tarehe gani? Kwa vijijini, anayepaswa kujibu ni chombo cha watumia maji pamoja na wakala wa maji vijijini, RUWASA. Kwa jijini ni mamlaka ya maji, AUWSA. Jibu likija, liandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kilula, pamoja na tarehe ya kipimo kinachofuata.