Tuyaachie Majani Njia ya Kurudi Nyuma



Somo la leo linawahusu walio ufuoni mwa Ziwa Turkana. Lakini ninyi wa Lodwar na Kakuma msiweke karatasi kando, nanyi mna mito.

Mnakumbuka mwaka 2019 na 2020. Mvua ilinyesha sana, Omo ukaleta maji kutoka Ethiopia, na ziwa letu, ambalo halina mto wa kutoka, likapanda. Upande wa Kalokol makao ya watu yalifunikwa. Wengi tuliangalia nyumba. Majani tuliyasahau.

Yale majani na matete ya maji ya kina kifupi ndiyo kitalu cha samaki. Tilapia huzaana humo, vifaranga wakajificha. Kiangazi mifugo nayo hula hapo. Ziwa likipanda, majani ya zamani huzama na kuoza, mengine huota nyuma kwenye ukingo mpya, mradi yakute ardhi wazi. Yakikuta ukuta au msitu wa mathenge, basi, hayana pa kwenda. Ziwa likishuka nayo huyafuata maji. Wazee watawaambia jinsi Ghuba ya Ferguson ilivyokauka miaka ya 1980.

Hata wenye bahari wamejifunza hili. Huko Essex, Uingereza, mwaka 2002 ukuta wa zamani wa shamba la Abbotts Hall ulitobolewa makusudi, bahari iingie na majani ya maji chumvi yapate nafasi.

Sasa ninyi mfanye hivi. Tembeeni ufuoni na wazee, wavuvi na akina mama wachota maji. Waonyeshe maji yalifika wapi mwaka 2020, mpige vigingi. Kisha rudini nyuma tena, maana ardhi yetu ni tambarare na maji yakipanda kidogo tu huingia mbali. Mbele ya mstari huo pawe pa malisho: pasijengwe duka la mawe wala choo, na mathenge yang'olewe na mizizi. Vibanda vya kuhamishika si neno.

Ugumu ni kumwambia jirani asijenge. Mtu akishamwaga saruji hasikii tena! Kwa hiyo mkubaliane mapema, kwenye baraza, na muandike. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii kusajili ardhi yake na kutenga sehemu kwa kazi maalum.

Wa Turkwel na Tarach, alama yenu ni ile ya mafuriko makubwa.

Ya kuzungumza kikundini: Ni nani tayari amejenga mbele ya mstari? Tutamtafutia kiwanja wapi?