Usinakili kalenda ya Njombe ukiwa Lushoto: jifunze mvua ya shamba lako

Somo la leo ni mvua. Najua wengi mnapenda nianze na mbegu au dawa, lakini mtaji mwingi huku milimani haupotei kwenye mbegu, unapotea kwenye tarehe. Mtu anakodi shamba, ananunua mbegu nzuri, halafu anapanda kwa kalenda aliyotumiwa kwenye simu kutoka mkoa mwingine. Kalenda yenyewe ni sahihi, ila ni ya kwao.

Kwa nini sisi tuna misimu miwili

Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, lakini mvua zetu hazifanani. Ukanda wa mvua hufuata jua. Jua likielekea kusini, ukanda unapita kwetu kati ya Oktoba na Desemba, hiyo ndiyo vuli. Likirudi kaskazini unapita tena Machi hadi Mei, hiyo ni masika. Katikati, Januari na Februari, ukanda uko kusini na sisi tunabaki na jua.

Njombe, Mbeya, Songea na hata Dodoma wao wako huko ukanda unakofika na kukaa. Kwa hiyo wana msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Zambia na Malawi ni hivyo hivyo. Ukienda mbali zaidi, Cape Town kule Afrika Kusini, mvua yao kubwa inanyesha Juni hadi Agosti, wakati wa baridi. Wote ni kusini mwa ikweta, kila mmoja na kalenda yake.

Sasa chukua mfano wa viazi mviringo. Mkulima wa Njombe akipanda katikati ya Desemba yuko sawa kabisa, mvua bado anayo. Wewe wa Lukozi ukipanda siku hiyo hiyo bila maji ya kumwagilia, vuli inakuacha mimea ikiwa michanga. Kiazi kinataka kujaa Januari na Februari, na hapo ndipo udongo umekauka. Utavuna vijiazi vya kugawia majirani, na deni la mbegu liko pale pale.

Hata hapa kwetu, mlima mmoja si mvua moja

Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi. Ukigonga mlima unapanda, unapoa, unaangusha mvua. Ukivuka upande wa pili unashuka ukiwa umeishiwa maji. Ndiyo maana Amani, Usambara Mashariki karibu na bahari, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Lushoto mjini ni karibu nusu ya hapo. Bumbuli wanalima chai kwa sababu upande wao unapata unyevu. Simama Mtae uangalie chini upande wa Mkomazi, utaona nyika kavu. Wazee wa Kishambaa walishatenganisha zamani shambaai na nyika.

Halafu kuna urefu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni karibu mita 1,000 hizo, na Shume na Magamba ziko juu zaidi. Mahindi ya mbegu ile ile yanachelewa kukomaa huku juu kuliko Mombo. Mbegu inayohitaji miezi mitano haitoshi kwenye vuli ya miezi mitatu, hata mvua ikiwa nzuri vipi.

Kila kipindi na shida yake

- Masika: mvua nyingi na ukungu. Bakajani chelewa inamaliza nyanya na viazi kwa siku chache. Panga bajeti ya dawa kabla ya kupanda, na uangalie kama lori litapanda hadi shambani kwako barabara ikiwa tope.
- Juni hadi Agosti: baridi na manyunyu ya hapa na pale. Nyanya na hoho zinachelewa, ila kabichi na karoti zinavumilia. Mwenye maji bondeni ndiye mwenye nafasi.
- Januari hadi Februari: jua. Kantangaze na utitiri wanaongezeka. Kagua majani kila baada ya siku mbili.
- Vuli: fupi na haitabiriki kirahisi. Vuli za 1997, 2019 na 2023 zilileta mvua kubwa Afrika Mashariki, ile ya 2021 ilikuwa kavu sehemu nyingi. Mwaka jana si kipimo cha mwaka huu.

Fanya hivi

1. Soma utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kununua mbegu. Wakisema "chini ya wastani", punguza eneo au chagua mbegu ya muda mfupi. Wakisema "juu ya wastani", safisha mifereji na imarisha matuta kwanza.

2. Usipande kwa mvua ya kwanza. Chimba. Kama unyevu haujafika sentimita 15 hadi 20, subiri.

3. Hesabu kurudi nyuma. Anza na tarehe unayotaka kuuza, toa siku za zao kukomaa kwa baridi ya kwako, ndipo upate tarehe ya kupanda.

4. Pima mvua yako. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke wazi mbali na miti, na kila siku saa tatu asubuhi pima kwa rula, andika, mwaga. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 10 kwenye ekari moja ni kama lita 40,000. Ukijua hilo, utajua lini kuwasha pampu na lini kuokoa mafuta.

Baada ya misimu miwili mitatu, daftari lako litakuwa na kalenda ambayo hakuna mtu anaweza kukutumia kwenye simu. Kopo halina gharama, na vuli haisubiri. Lianze kesho asubuhi.