Kupima Jua la Bustani kabla ya Kupanda

Mtu akiona mnyanya wake umerefuka, ukawa mwembamba wenye majani mengi pasipo matunda, mara nyingi hulaumu mbegu au mbolea. Yafaa kwanza aulize jua hufika hapo kwa muda gani. Mnyanya ulionyimwa jua huzaa kidogo, tena majani yake hukawia kukauka umande, na maradhi ya ukungu hupenda majani yenye maji. Hapo fedha za mbegu zimekwisha potea, na nyumbani hakuna mboga.

Kupima jua hakutaki chombo. Chora bustani yako kwenye karatasi, kisha siku isiyo na mawingu uitazame kila baada ya saa mbili, tangu saa mbili asubuhi hata saa kumi jioni, ukitia alama mahali penye jua. Mahali palipo na jua kwa muda wa saa 6 au zaidi pafaa nyanya, mahindi, maharagwe na vitunguu. Saa 4 hivi zatosha sukuma wiki, spinachi na giligilani. Penye pungufu ya hapo, ikiwa pana unyevu, jaribu nduma.

Lakini kipimo cha siku moja hudanganya, kwa maana kivuli huhama pamoja na miezi. Mjini Nairobi, kusini kidogo ya Ikweta, mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini. Saa sita mchana ukuta wa futi 10 hutupa kivuli cha futi 4 na nusu hivi kuelekea kusini. Mwezi wa Desemba kivuli hicho huangukia kaskazini. Basi aliyepima Desemba, akaona jua tele kusini mwa nyumba, akapanda nyanya karibu na ukuta mvua za masika zilipoanza, atashangaa mwezi wa Juni: miche yake haipati jua hata kidogo wakati wa kuzaa.

Vivuli navyo si sawa. Cha mwembe ni kizito mwaka mzima. Cha mgrivea ni chepesi, nao waweza kupogolewa.

Tena watu wa Nairobi na Limuru wakumbuke ya kuwa Julai na Agosti mawingu hufunika asubuhi nyingi, jua likatoka mchana. Katika miezi hiyo kitalu kinachoelekea magharibi hupata jua zaidi kuliko kinachoelekea mashariki.