Mafuta ya Safari: Tukadirie Kabla ya Kuchangisha

Msimu wa upadrisho ukikaribia, kwaya na vyama vya kitume huanza vikao vya safari, na swali la kwanza huwa hilo hilo: mafuta shilingi ngapi? Mara nyingi jibu hutoka kwa aliyesafiri mwaka jana, au kwa dereva, ambaye kwa aibu hutaja kiasi kidogo ili asionekane mlafi. Safari ikiisha, dereva ndiye anayebaki na pengo mfukoni, na hasemi. Au mambo hugeuka: mchango unapandishwa kwa hofu, na mama muuza vitumbua aliyefanya mazoezi tangu Kwaresima anabaki nyumbani kwa kukosa elfu tano. Kwa hiyo suala hili ni la haki kabla halijawa la hesabu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gawanya kilometa za safari kwa kilometa ambazo gari hutembea kwa lita moja, utapata lita. Zidisha lita kwa bei. Ugumu uko katika kuzipata namba tatu zinazoingia humo.

Tuchukue safari ya Hiace kutoka Morogoro kwenda Dodoma. Umbali ni kama kilometa 260. Kwenda na kurudi ni 520, na hapa ndipo vikao vingi huishia. Lakini gari litazunguka mjini: kupeleka watu walikolala, kuwarudisha kanisani, kufuata maji na chakula. Ongeza kilometa 30, ziwe 550.

Namba ya pili ndiyo inayopotosha watu. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na takwimu za ulaji wa mafuta zinazotajwa kwenye matangazo ya mauzo zilipimwa kwa utaratibu maalumu wa majaribio, bila abiria kumi na wanne wala spika za kwaya juu ya keria. Usizitegemee. Pima gari lenu wenyewe. Jaza tenki mpaka pampu ijikate, andika kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi, tembea siku kadhaa kwa kazi za kawaida, kisha rudi kwenye pampu ile ile ujaze tena mpaka ijikate. Lita ulizoongeza sasa ndizo ulizotumia. Ikiwa umetembea kilometa 360 na zimeingia lita 40, gari lako linakwenda kilometa 9 kwa lita. Mshale wa dashibodi haufai kwa kipimo hiki. Huo ni wa kukutahadharisha tu.

Kuna mtego mmoja wa kimantiki ambao hata wenye akili nzuri huuingia. Tuseme kilometa 120 ni lami, gari linakwenda 12 kwa lita. Na kilometa 120 nyingine ni udongo wenye matope, linakwenda 6. Wengi watasema wastani ni 9, basi lita 27 zinatosha. Hapana. Lami inakula lita 10, udongo unakula 20. Jumla ni 30, na wastani wa kweli ni kilometa 8 kwa lita. Sehemu mbaya ya njia inakula zaidi ya fungu lake. Kwa hiyo kokotoa lita za kila kipande peke yake, kisha jumlisha.

Namba ya tatu ni bei. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutofautiana kwa mji, maana mafuta hushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara na kusafirishwa bara. Kama kikao ni mwishoni mwa mwezi na safari ni katikati ya mwezi unaofuata, mnapanga kwa bei ambayo haitakuwepo. Kwa mfano wetu tuweke shilingi 3,000 kwa lita. Basi 550 ugawe kwa 9 ni lita 61 na kidogo, sawa na shilingi 183,000 hivi.

Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, anasema seremala na mwanajiometri wote hutafuta pembe mraba, lakini kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake. Sisi hapa ni maseremala. Morogoro iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Dodoma zaidi ya 1,100, kwa hiyo kwenda ni kupanda. Matuta ya Dumila, Gairo na Kibaigwa yana sehemu yake. Matairi yenye upepo pungufu nayo yana sehemu yake. Sehemu za kumi humaliza mjadala: ongeza asilimia 10, ifike 202,000. Kwa watu 14, kila mmoja atoe 14,500.

Itangazwe hivyo, pamoja na namba zote tatu, ili anayechangia aweze kuzikagua mwenyewe. Mweka hazina aende na dereva kwenye pampu na adai risiti. Kikibaki kitu, kikao kiamue mapema: kirudishwe, au kimlipie yule ambaye safari ijayo atakosa elfu tano.