Sungura Mwenye Koti la Buluu

Swali: Nachora wanyama waliovaa nguo kwa vitabu vya watoto, lakini wanafanana na watu waliovaa vinyago. Beatrix Potter aliwezaje?

Jibu: Alianza na mnyama mwenyewe. Mwingereza huyu alifuga sungura, akawachora hata wakiwa wamelala, mpaka mkono ukazoea maumbo yao. Ndiyo maana Peter Rabbit, sungura wa kitabu chake kilichotolewa na kampuni ya Frederick Warne mwaka 1902, amevaa koti la buluu lakini mgongo na mapaja ni ya sungura kabisa. Akipoteza viatu, anatimua mbio kwa miguu minne! Rangi za maji ni nyepesi, na picha inayeyukia kwenye karatasi nyeupe bila fremu. Kwangu, utulivu wote umo humo. Basi nguo zisubiri. Mchore kwanza kuku akioga vumbi, tena na tena, ndipo umfunge kanga.