Mwongozo kwa dereva wa kazi anayekabidhiwa gari la umeme

Mwongozo huu ni wa dereva wa teksi, wa ofisi au wa kusambaza vifurushi anayeacha gari la petroli na kupewa la umeme. Mfano wetu ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010, na ambalo huku kwetu hufika zaidi likiwa limeshatumika Japani.

Ukiwasha, usisubiri mngurumo. Tazama dashibodi: taa ya kijani yenye picha ya gari na mshale ikiwaka, gari liko tayari kuondoka. Kabla ya kushuka, hakikisha taa hiyo imezimika. Kwenye gari la petroli injini yenyewe humkumbusha dereva kwamba hajazima. Hapa hakuna wa kumkumbusha, na gari lililoachwa kwenye D litachomoka mguu ukigusa pedeli.

Kuhusu utulivu wa ndani, sifa nyingi zinazotolewa ni za kweli mjini tu. Katika foleni mota haisikiki, na sauti inayobaki ni ya feni ya kiyoyozi. Mwendo ukipita kilomita 50 au 60 kwa saa, matairi na upepo hushika usukani wa kelele, na hivyo viwili havijali gari linatumia nini. Kwenye barabara kuu, gari la umeme na la petroli la daraja moja hukaribiana sana, hasa pale lami ilipomwagwa kokoto kubwa. Usimwahidi abiria wa safari ndefu ukimya usiokuwepo.

Tena injini ilikuwa inaficha mengi. Likiondoka hilo pazia, utasikia plastiki za dashibodi zikilia, jeki iliyolegea kwenye buti, mchanga ukichapa chini ya gari. Watengenezaji wenyewe walilazimika kulishughulikia: taa za mbele za Leaf la kwanza zilitunishwa makusudi ili zigawe upepo usipige vioo vya pembeni, kwa sababu mvumo wa vioo hivyo haukuwa na injini ya kuufunika.

Kwa hiyo si kila mlio ni wa kupeleka gereji. Mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga na kushuka ukiachia ni wa mota na gia yake, ni kawaida. Mvumo unaofuata mwendo wa gari, usiobadilika hata ukiinua mguu, mara nyingi ni beringi ya gurudumu au tairi lililolika vibaya: andika kwenye daftari la gari siku hiyohiyo. Kishindo kwenye matuta kikaguliwe na fundi wa shokomzoba. Katika hili gari la umeme lina faida ambayo wauzaji huisahau, maana beringi inayoanza kufa husikika mapema.

Madereva wengi wazoefu hupima mwendo kwa sikio bila kujua. Sikio hilo sasa halina cha kupima, na 70 huonekana kama 50. Kenya na Tanzania kikomo cha mjini ni kilomita 50 kwa saa, basi jicho lirudi kwenye kipima mwendo mara kwa mara.

Kanyaga taratibu. Nguvu ya mota huja yote tangu gurudumu likiwa limesimama, na kwenye lami yenye utelezi tairi huzunguka bure. Ukiinua mguu, gari hujipunguza mwendo huku likirudisha umeme kwenye betri. Achia pole pole, la sivyo abiria wa nyuma atashuka na kichefuchefu.

Linalohitaji uangalifu kuliko yote liko nje ya gari. Mwenda kwa miguu hakusikii. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, unataka kila gari jipya la umeme litoe mlio hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa, nao uwe wa angalau desibeli 56 gari likifika mwendo huo. Leaf pia lina mlio wa aina hiyo, lakini baadhi ya matoleo ya mwanzo yana swichi ya kuuzima. Usiuzime, hata abiria akilalamika. Sokoni, stendi na karibu na shule, nenda mwendo wa mtu anayetembea, wala usiitegemee honi: humshtua mtu akarukia upande usioutarajia. Unaporudi nyuma, shusha vioo vya milango ili usikie anayekuita, na kama kuna msaidizi, asimame pale unapomwona kwenye kioo kabla hujaingiza R.