Homa ya Panya na Mafigo Yetu

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa mjomba wangu, Mwea, kwenye mashamba ya mpunga. Nilidhani nakwenda kula wali tu, kumbe nakwenda kusoma biolojia!

Mjomba alishikwa na homa kali. Kichwa kilimgonga, macho yakawa mekundu, na mashavu ya miguu yalimuuma hata asiweze kusimama. Sote tukasema, "Ni malaria hiyo." Akameza tembe za dukani. Siku ya sita macho yakageuka manjano na mkojo ukawa mweusi kama strungi. Jambo hili la mkojo alilificha kwa aibu. Lakini wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua.

Tulipomfikisha hospitali, daktari alimtazama nyayo akauliza, "Mzee, wewe hufanya kazi ndani ya maji?" Mjomba akaonyesha magaga yake, akasema alikuwa akipandikiza miche pekupeku. Damu ikapimwa, ikaonekana ni leptospirosisi. Wenzetu wa Tanzania huiita homa ya mgunda, na mwaka 2022 ilizuka huko Lindi. Hapa Kenya iliwahi kuzuka Bungoma mwaka 2004.

Je, viini hivi huingiaje? Hukaa katika mafigo ya panya, na pia ng'ombe, nguruwe na mbwa, kisha hutoka na mkojo wao hadi kwenye maji na matope. Mtu akiwa na kidonda, au maji yakimwingia machoni au kinywani, viini hupenya. Mara nyingi homa huanza baada ya siku 5 hadi 14.

Viini vikifika kwenye figo, huvamia mirija midogo sana inayorudisha maji na chumvi mwilini. Mirija ikivimba, potasiamu hupotea na uchafu hubaki katika damu. Ajabu ni kwamba mwanzoni mgonjwa huweza kuendelea kukojoa vizuri tu. Ndiyo maana sisi tulidhani mafigo ya mjomba ni mazima!

Matibabu yapo. Mwenye homa isiyo kali hupewa doksisaiklini, tembe ya miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Aliyezidiwa hudungwa penisilini au seftriaksoni kwenye mshipa. Maji ya dripu hupimwa kwa uangalifu, na dawa za maumivu zinazodhuru mafigo husimamishwa. Mafigo yakishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine. Mjomba alisafishwa mara tatu. Niliposikia neno "mashine" nililia, nikidhani ndio mwisho. Daktari akaniambia, "Kijana, mafigo yaliyoumizwa na homa hii kwa kawaida hupona, mradi mgonjwa awahiwe." Na kweli, baada ya majuma machache mkojo wa mjomba ulirudi rangi yake.

Ndugu zangu, panya wa stoo yetu mnawajua. Mitaro tunayozibua siku ya usafi mnaijua pia. Basi vaeni viatu, funikeni vidonda na chakula. Na ukishikwa na homa baada ya kuingia matopeni, usiseme "ni malaria tu." Mwambie daktari ulikokanyaga, na usimfiche rangi ya mkojo wako. Maneno hayo mawili yanaweza kuokoa mafigo yako mawili.